Tuligawana dozi moja ya malaria njia ya Juba

Wakuu, habari zenu. Hii ni ya kweli kabisa na hata mke wangu sijamwambia, kwa hivyo mnivumilie.

Ilikuwa 2006 hivi. Mimi na shemeji yangu Kioko, kaka wa mke wangu, tulikuwa madereva wa lori moja. Tukapata kazi ya kupeleka simiti Juba, vita ikiwa imeisha juzi tu. Huko unaweza kuendesha siku mbili hujaona hospitali.

Kabla ya kutoka mji wa Mlolongo tulipitia kwa Mama Halima, mwenye duka la dawa.

"Tuko wawili, lakini tupe dozi moja ya malaria," nikamwambia. "Sisi ni watu wa boma moja."

"Dozi ni ya mtu mmoja, mwanangu. Si ugali huo mkaumega."

Tukacheka. (Ujuaji wetu sisi watu wa kijiji cha Muthetheni, wacha tu.)

Siku ya tatu baada ya border, Kioko akaanza kutetemeka na jua linawaka. Akaanza zile tembe. Kesho yake homa ikashuka, akaitisha chai.

Halafu kichwa changu nacho kikaanza kuuma. Wakuu, niliogopa. Kila nikijigusa shingo naona iko moto. Nikawaza watoto. Kioko akanipa pakiti iliyobaki nusu.

"Kunywa, shemeji. Mimi niko sawa."

Nikakunywa. Sikumuuliza mara mbili.

Siku nne baadaye homa ilimrudia vibaya, akawa ananiita jina la marehemu baba yake. Niliendesha mkono mmoja uko kifuani mwake, nikihakikisha bado anapumua.

Kwa bahati tukapata hema la madaktari. Akawekewa drip. Nesi mmoja, Mkenya, akanidunga kidole anipime pia, Kioko akiwa bado hajitambui.

"Wewe hukuwa na malaria. Hii kipimo ingeonyesha hata kama umepona juzi. Ni jua tu, na hunywi maji."

Kioko alipona, ila sikio la kushoto halisikii mpaka leo.

Funzo: ukienda mahali hakuna hospitali, kila mtu abebe dozi yake na aimalize. Na ukipata pa kupimwa, pimwa kwanza.

Kila Krismasi Kioko huwaambia wageni, "Mimi na shemeji tuligawana dawa, na tukapona wote wawili." Hunishika bega akisema hivyo. Mimi huitikia tu.

Mwaka huu wageni wanakuja kwangu. Nimwambie Kioko ukweli, ama ninyamaze? Semeni, wakuu.