Mwanafunzi wangu alikuwa anaongeza gramu hamsini kwenye kila kilo, nikamwita mvivu

Wakuu, habari za huko mliko. Walimu wenzangu, salamu mara mbili.

Mimi nafundisha darasa la sita primaire, yaani shule ya msingi, hapa Lubumbashi, mtaa wa Hewa Bora. Haya sikusimuliwa, chaki nilikuwa nimeishika mwenyewe, na pale ninapoonekana mjinga nimepaacha kama palivyokuwa. Kiswahili changu ni cha Katanga na Kifaransa kimo ndani, mtanivumilia.

Nianze kwa kujisifu kidogo, maana nina haki. Kugeuza vipimo ndiyo mambo yangu. Kilo kwenda gramu, mita kwenda sentimita, lita, hekta, leta yote. Nina miaka kumi na minne darasani, na lile jedwali la kugeuzia vipimo watoto wangu wanalijaza huku wanapiga stori. Wenzangu wakisumbuliwa na virgule, ile alama ya desimali, wananiita mimi.

Basi mwaka jana nikaletewa Numbi.

Numbi alikuwa anarudia la sita. Kifaransa safi, historia safi, hesabu ndiyo ilimwangusha kwenye mtihani wa mwisho. Wiki ya kwanza tu mama yake, muuza unga na maharage sokoni, akaja shuleni na vumbi la unga kwenye kitenge, akaniambia wazi:

"Monsieur, miye sina maneno mingi. Akipita, ataenda secondaire. Akianguka tena, anabakia na miye ku soko, basi."

Nikamjibu kwa kifua mbele: "Mama, ulale muzuri. Kwa miye batoto banapita."

Sasa mwangalie Numbi huyo. Ukimpa namba tupu kwenye jedwali, hakosei. Ukimpa fumbo la mita au lita, hakosei. Mpe fumbo la kilo, lile la mama aliyenunua unga au sukari, hapo ndipo anaharibu.

Mama amenunua kilo 2 za sukari, ni gramu ngapi? Anaandika 2 100.

Kilo 3 za unga? 3 150.

Kilo 4 za maharage? 4 200.

Na mtihani wa mwisho ni mafumbo matupu, wakuu.

Nikaeleza upya. Nikaandika sufuri tatu kwa chaki nyekundu. Wapi. Kuna kitu kilikuwa mbele ya macho yangu na sikukiona: makosa yake yalizidi tu, hayakupungua hata siku moja. Mtu anayebahatisha hukosea juu na chini. Miaka kumi na minne kazini, na sikuliona hilo.

Siku moja nikachoka, nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Mama ananunua kilo mbili ya sukari. Anabeba gramme ngapi ku nyumba?"

"Elfu mbili na mia, Monsieur."

"Na hii mia inatoka wapi?"

"Ile mia, ni juu ya..."

Nikamkata. Nikasema huo ni uvivu wa kufikiri. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Toka siku hiyo Numbi hakunyoosha kidole tena, na kila nilipomwona ameinamia daftari nilimkumbuka mama yake na ule usingizi niliomwahidi.

Tukaenda hivyo hadi Jumamosi moja. Mke wangu alikuwa Lukafu kwa wazazi wake, wakati wa kuvuna mahindi, ikabidi niende sokoni mwenyewe. Nikafika kwa mama Numbi. Mtoto alikuwa amechuchumaa nyuma ya gunia. Mbele yangu kulikuwa na mteja anataka kilo tatu za unga.

Mama akajaza kopo la kilo, akalisawazisha na kijiti, akamimina kwenye mfuko. Mara tatu. Halafu akasogea pembeni, Numbi akachota unga kwa mkono, akatia kwenye mfuko ule ule. Mikono mitatu.

Hiyo hapa kwetu inaitwa basela, yaani nyongeza ya bure. Muuzaji asiyetoa basela mteja harudi kwake, hata unga wake uwe mweupe namna gani.

Mteja alipoondoka nikauliza, kwa kutaka stori tu, kwa nini basela anatia mtoto.

"Juu mukono yangu iko mukubwa, Monsieur. Nikitia miye, gunia itaisha mbele ya saa sita. Ya Numbi tulipima ku balance, ile mizani ya papa mwenye kuuzisha misumari. Gramme makumi tano, kila kilo mukono moja."

Akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Gramu hamsini, kila kilo mkono mmoja. Kilo mbili, mia. Kilo tatu, mia na hamsini. Nilisahau hata unga niliokuja kununua, ikabidi aniite nirudi.

Mchana ule ule nikatoa madaftari ya darasa, nikalifungua la Numbi. Majibu yote niliyoyapiga msalaba mwekundu yalikuwa sahihi hadi gramu ya mwisho. Mtoto niliyemwita mvivu alikuwa anafanya hesabu mbili pale ambapo wenzake walifanya moja. Niliona aibu, wakuu, aibu ya kweli.

Jumatatu nikaomba msamaha. Nilimcheka mbele ya darasa, kwa hiyo msamaha nao nikauomba mbele ya darasa. Mwenzangu wa la tano akaniambia ukimwomba mtoto msamaha darasa limekutoka. Langu halikunitoka.

Nikaleta kopo la kilo, nikaazima balance ya papa wa misumari, nikamweka Numbi awe muuzaji. Kopo lililosawazishwa: 1 000 kamili. Mkono wake: 52. Mtoto anakua.

Hapo darasa likagawanyika. Msichana mmoja wa mbele akanibana kabisa: "Lakini Monsieur, ile basela mama anafika nayo ku nyumba. Sasa Numbi alikosa wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikamjibu: "Hakukosa. Basela iko ya kweli, lakini ni roho ya mwenye kuuzisha. Mwenye kuandika examen hajue roho ya mama yako. Anajua kilo tu."

Nikachora kisanduku kidogo nje ya jedwali, upande wa kulia. Nikawaambia: ukisikia mkono wako unataka kuongeza, ongeza, lakini andika humo, kifunge, kisha urudi kwenye jedwali.

Hatukulirudia somo hilo. Kwenye karatasi za Numbi za kufanyia kazi kila fumbo la kilo likawa na kisanduku chake pembeni, kimejazwa na kimefungwa. Jibu la chini halikuzidi tena.

Siku ya mtihani nilisimama getini kumngoja Numbi. Mwenye kujiamini kama mimi, siku hiyo nilichungulia kila mtoto aliyetoka. Akatoka.

"Kulikuwa maharage, Monsieur. Kilo kumi na mbili na nusu."

"Uliandika nini?"

"Elfu kumi na mbili na mia tano." Akatembea kidogo, kisha akaongeza bila kuulizwa: "Mu kisanduku ilikuwa mia sita makumi mbili na tano. Nilifunga."

Numbi alipita.

Nilienda sokoni nikamkuta mama yake peke yake. Nikaomba kilo mbili. Akajaza, akasawazisha na kijiti, akamimina. Mimi bado nautafuta ule mkono mdogo nyuma ya gunia.

"Numbi iko wapi?"

"Iko kwa mushonaji, anapimisha uniforme ya secondaire."

"Na basela?"

Akanitazama, akazamisha mkono wake mwenyewe ndani ya gunia hadi juu ya kifundo.

"Sasa mukono ni hii tu njo inabakia, Monsieur."

Akanitia mara mbili. Sikupima.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto akikosea kwa namna ile ile kila siku, anajua kitu ambacho wewe hukijui. Mwache amalize sentensi yake. Mimi bado ndiye bingwa wa kugeuza vipimo Hewa Bora nzima, hilo sirudi nyuma, ila siku hizi nauliza kwanza ile mia inatoka wapi, na nasubiri jibu.

Walimu na wazazi, leteni ya kwenu. Kwenu nyongeza mnaiitaje, na mkono unaoitia ni wa nani?

Na basela ya uzi huu ni hii: gunia la mama Numbi sasa linaisha kabla ya saa sita, na sijamsikia akilalamika.