Niliikimbia Desemba ya Norway kwa kuogopa baridi, mpaka leo najiuliza

Kamwene wakuu. Wazee wenzangu shikamooni, vijana marahaba hata kama hamjaniamkia.

Nitasema lilivyotokea, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Naandika kwa kidole kimoja na darasa niliishia la nne, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya lisogezeni tu.

Naanzia mbali kidogo.

Zamani, miaka ile mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, nilikwenda Mbeya kumwona dada yangu. Aliolewa na Msafwa mmoja fundi baiskeli, mtu mpole mpaka akivunja spoki anaiomba radhi. Marehemu sasa.

Ilikuwa Julai. Mimi ni mtu wa Kilolo, baridi naijua. Kwetu kuna asubuhi umande unaganda juu ya viazi, jua likitoka majani yote meusi kama yamepitiwa na moto. Lakini Mbeya ilinikuta na shati tupu.

Dada akanipeleka soko la Mwanjelwa kutafuta koti. Tukapata moja zito, ukilivaa unatembea kama umebeba mtu mgongoni. Muuzaji akasema limetoka Ulaya.

Dada akamwuliza, "Na mwenyewe yuko wapi, alikufa nalo?"

Muuzaji akasema, "Dada, marehemu hauzi koti. Nunua au rudisha."

Tukanunua. Nilipotia mkono mfukoni nikakuta glavu ya mtoto. Moja tu, nyekundu, ya mtoto wa miaka minne hivi.

Lile koti lilikuja kuliwa na panya, ila glavu niliitunza. Nilikuwa naitoa mara moja moja naitazama. Najiuliza, hiyo nchi ikoje mpaka mtoto mdogo vile anavalishwa vidole? Kwetu wa umri huo anakwenda peku na anakukimbia ukimwita kunawa. Nikaamini huko baridi inakata vidole vya watoto. Imani hiyo nilikaa nayo miaka zaidi ya thelathini, na sikumwuliza mtu, maana ukiuliza unaweza kuambiwa siyo.

Sasa ndiyo nafika.

Mwanangu Baraka anaishi Norway, juu kabisa kaskazini, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Mtoto wa Kilolo aliyekuwa akiona dagaa anakunja uso. Ameoa huko huko na ana binti mmoja, Neema, wakati ule ana miaka sita. Nyumbani hawajawahi kuja hata mara moja. Kila mwaka ni "tutaangalia mwakani, Baba".

Neema Kiswahili anakiweza kidogo, anakisema kama anatembea juu ya mawe ya mtoni, neno moja, anasimama, neno jingine.

Siku moja kwenye simu akaniambia, "Babu. Baba anasema. Wewe una hadithi."

Nikamwambia ninazo, za mama yangu, nikija nitakupa zote. Nilikuwa nasema tu. Kumbe kule Baraka amesikia, akaanza kushughulikia viza.

Akaniuliza, "Baba, uje Desemba au Juni? Desemba kuna Krismasi."

Nikaikumbuka ile glavu.

Nikauliza watu. Kanisani wakasema Juni. Mdogo wangu anayekaa Kihesa, ambaye hajawahi kuvuka mpaka ila anaijua dunia yote, akasema, "Kaka, Desemba utarudi kwenye boksi. Nenda Juni, huko ndiyo kiangazi chao."

Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Akasema, "Unaenda kufanya nini huko?"

Nikasema kumwona mjukuu na kumpa hadithi. Akasema haya, akaendelea kupepeta maharage. Hakuna aliyeendelea na lile swali, hata mimi.

Basi nikaenda Juni.

Ya njiani nayaruka, ila niseme tu kwamba kwenye ndege nilikataa chakula mara mbili nikidhani kinalipiwa.

Nikafika. Hewa nzuri, kama Kilolo mwezi wa tano. Baraka akanipokea na koti, nikamwambia rudisha. Tukala, tukaongea, nikawa nangoja giza liingie nilale.

Giza halikuingia.

Nikamwuliza Baraka, "Saa ngapi?" Akasema saa nne usiku. Nikachungulia dirishani, jua liko juu ya mlima, linanitazama.

"Linazama saa ngapi?"

Akacheka. "Halizami, Baba. Mpaka mwishoni mwa Julai huko. Linashuka, linazunguka, linapanda tena."

Wakuu, mimi nimeamka na jua na kulala na jua maisha yangu yote. Siku tatu za kwanza nilikuwa natoka kibarazani kulichunga, nione litadanganya wapi. Halikudanganya. Lilishuka mpaka karibu na maji, likatembea pembeni kama mtu anayetafuta kivuko, likapanda. Ndege wanaimba tu. Nikawahurumia majogoo wa huko, kama wapo.

Lakini shida yangu haikuwa usingizi.

Shida ni kwamba hadithi haisimuliwi mchana. Wahehe wenzangu mnajua, na nadhani makabila mengi mnayo hii. Wengine wanasema ukisimulia mchana unaota pembe. Mama yangu alisema njaa inaingia kwenye ghala lako. Mimi hadithi zote nilizipata gizani, jikoni, moto unaelekea kuzimika. Sijawahi kusikia hata moja nikiwa naona uso wa msimuliaji.

Na nina siku arobaini katika nchi isiyo na usiku.

Neema akaja siku ya pili, ameosha meno, amebeba mto wake. "Babu. Hadithi."

Nikamwambia, "Bado mchana."

Akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi. "Hapana. Ni saa mbili usiku."

"Jua lile pale."

Akaenda kulala. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Baraka akafunga mapazia mazito, akasema haya Baba, usiku huo. Lakini pembeni mwa pazia mstari wa jua ulikuwa unaingia mpaka kitandani. Mimi siyo mtu wa kudanganywa na kitambaa, na mama yangu naye hakuwa.

Baraka alikasirika kidogo. Akasema, "Baba, umevuka dunia nzima kuja kumnyima mtoto?"

Nilijaribu kumfundisha vitendawili, nikakumbuka navyo ni vya usiku. Nikabaki namwimbia nyimbo za kanisani.

Nikawa natafakari. Usiku ni nini hasa? Ni saa? Ni giza? Au ni ile hali ya watu kumaliza kazi? Labda wazee walikataza tu ili tusiache kulima. Lakini mimi huko sikuwa na hata tuta moja la kulima, je katazo linanihusu? Nilizunguka na swali hilo kama kuku na kamba.

Wiki ya tano, mkwe wangu akanionyesha wanakohifadhi viazi. Ni chumba chini ya nyumba, hakina dirisha, ubaridi wake safi kabisa. Viazi vya mwaka jana vimeanza kutoa macho marefu meupe. Hapo nilisahau shida zote, nikaanza kuvishika kimoja kimoja. Kwetu mbegu tunaichipuza kwenye mwanga hafifu ili macho yawe mafupi na magumu, marefu vile yanakatika. Nilitaka kumwambia, lakini lugha yetu ni ya mikono, na mikono haina neno la macho ya kiazi. Akapanda juu.

Neema akabaki. Akavuta mlango. Giza tii.

Akasema, "Babu. Hapa usiku."

Nikanyoosha mkono mbele ya uso, siuoni. Nikamwambia, "Kweli."

Nikaanza ile ya binti aliyetumwa kuomba moto kwa jirani. Zamani kiberiti hakuna, unakwenda na kigae unaomba kaa la moto, sijui kama mnajua. Jirani akampa, akamwambia chukua moto uende, ila usitazame aliyelala nyuma ya mafiga. Binti akachukua. Akafika mlangoni. Akasikia aliyelala kule anapumua. Neema akanishika mkono, nikahisi kucha. Binti akageuka.

Mlango ukafunguliwa. Mkwe anatuita chakula, na mwanga wote wa nchi ile ukaingia.

Neema akasema, "Aliona nini?" Nikasema mchana umeingia, siwezi.

Siku zilizobaki alinivuta kule chini kila siku, lakini mara viazi vinatolewa, mara chumba kinasafishwa. Nikaondoka bila kumaliza.

Nikiwa njiani kurudi ndipo Baraka alinipigia kwenye kituo cha kubadilisha ndege, na katika maongezi akasema neno lililonikalisha chini. Akasema, "Pole Baba. Ungekuja Desemba, jua halichomozi kabisa. Giza asubuhi, giza mchana."

Yaani ningeweza kusimulia hadithi kwenye chai ya asubuhi.

Sasa fundisho langu kwenu mnaopanga safari. Watu watakwambia msimu wa kukwepa kwa kuangalia joto na baridi na bei. Wewe jiulize alilouliza mke wangu. Unaenda kufanya nini, na hicho kitu kinafanyika wakati gani? Baridi unavaa. Glavu zipo, tena mbili mbili.

Na naomba ushauri. Baraka siku hizi anasema Neema amemchosha, kila wiki anauliza lini tunaenda kwa babu. Miaka yote hiyo picha za ng'ombe na za milima nilizomtumia Baraka hazikumleta. Je, waje Juni, barabara kavu lakini ukungu na baridi? Au Desemba, kuna ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na kijani kila mahali, ila tope la kupandia Kilolo mnalijua? Usiku tunao miezi yote, hilo lisiwape shida. Wenye uzoefu wa kupokea watoto wa Ulaya niandikieni hapa.

Nimeuliza kwa sababu ya jambo la Desemba hii iliyopita.

Ilikuwa saa moja na nusu jioni, giza limeingia, nipo jikoni na mke wangu. Simu ikaita. Neema. Kiswahili chake kimenyooka sasa.

Akasema, "Babu, kwenu kuna jua?"

"Limeshazama."

"Na huku hakuna toka asubuhi. Sasa kote ni usiku. Malizia. Aliona nini?"

Alikuwa amelipanga hilo, wakuu. Alikuwa amehesabu saa zangu na zake. Sikuwa na mlango wa kutokea. Mama yangu mwenyewe asingekuwa na la kusema.

Mke wangu akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Ukimwambia, watakuja kufuata nini?"

Nikaweka simu juu ya kigoda, ikiwa hewani. Nikasema ngoja mjukuu wangu, naleta kuni.

Nikatoka. Kuni zilikuwepo ndani, tele. Nilikwenda mpaka nyuma ya zizi nikasimama pale, nasikia kasauti kananiita jikoni, Babu, Babu, kote ni usiku.

Sikurudi.