Kofi la Verna Uwanjani

Dada yangu Verna alinizaba kofi la nguvu mbele za watu, katikati ya uwanja wa ndege. Nikamkumbatia huku nalia.

Tulieni, niwape mkasa wenyewe.

Mimi na Verna tulijenga ndege mbili pacha kwenye ghala la marehemu baba, hapa Wisconsin. Wikendi zetu zote ziliishia humo, mpaka mumewe akatususa.

Shida ikawa mkono wa usukani. Mzito, kama unasukuma ng'ombe aliyegoma. Basi tukazihamisha fito zinazovuta mapezi, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoinamisha ndege. Tukazifunga upande wa pili wa wenzo. Mkono ukawa laini, raha mustarehe.

Tukakaguana. Mmoja ndani, mwingine nje anataja pezi lililoinuka.

"Naenda kushoto," nikaita.

"La kushoto limepanda," Verna akajibu, kasimama mbele ya pua ya ndege, kahawa mkononi.

Ya kwake nikaikagua vivyo hivyo.

Ndege zetu hazina redio. Tukapatana: naruka mimi kwanza, nikitua salama na yeye anaondoka.

"Usijikojolee huko juu, mdogo wangu."

"Wewe kaa tayari, dada. Sikawii."

Nilipovuka misonobari, ambako hanioni, upepo ukaliinamisha bawa la kushoto. Nikasukuma mkono kulia.

Bawa likazidi kushuka.

Nikasukuma tena. Ndege ikalala ubavu, mahindi ya jirani yakawa yananijia usoni. Jamani, niliogopa. Nilimwita mama, na mama alishakufa zamani.

Nikaona nimekwisha. Nikavuta kushoto, kule kule nilikokuwa naangukia.

Bawa likanyanyuka.

Hapo ndipo nikaelewa. Verna alikuwa ananikagua huku ananitazama usoni. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Fito zilikuwa zinavuta kinyume, na sisi wajuaji tukapongezana.

Nikarudi kwa pedali za mkia, mkono nimeubana kwa magoti. Nikagonga nyasi, nikarushwa, nikagonga tena, nikaishia pembeni mwa uwanja. Mzima. Nikaanza kucheka peke yangu.

Kisha nikasikia injini ya Verna inanguruma.

Nilikuwa nimetua salama. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake.

Nikampungia mikono kama kichaa. Naye akanipungia, anatabasamu.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaongeza moto, nikarudi uwanjani, nikaikingamisha ndege yangu mbele yake. Akakanyaga breki, lakini propela yake ikalitafuna bawa langu lote.

Ndipo likaja kofi.

"Umerukwa na akili wewe? Ungeniua."

"Rudi ukae kwenye ndege yako, dada. Shika mkono wa usukani, gumba juu. Ulaze kulia. Pezi linaloelekewa na gumba ndilo linalotakiwa kupanda."

Akaulaza. Akageuza shingo kutazama. Pezi la kulia lilikuwa limeshuka.

Alishuka, akakaa kwenye nyasi, akaanza kuokota vipande vya bawa langu.

Ndugu msomaji, ukimkagulia mwenzio, simama nyuma yake, utazame anakotazama yeye.

Ndege yangu haina bawa mpaka leo. Dada ninaye.