Kishale Kilichongoja Salamu

Mpaka leo sijui kama siku ile niliokoka au nilipotea.

Ofisi yetu iko Changamwe, kando ya yadi ya makontena. Kazi yangu ni kunakili namba ya kontena kutoka skrini moja, kuibandika kwenye nyingine, kuchagua lori, kuhifadhi, kisha kushuka mstari unaofuata. Miaka tisa mkono wangu wa kulia haujui jingine.

Basi mkubwa wetu akaleta programu. Nifanye kontena moja tu, alisema, yenyewe itatazama kila ninapobonyeza na kila ninachoandika, kisha itarudia peke yake kwa makontena yote yaliyobaki.

"Na mimi je, bosi?"

"Tutaona, inshallah."

Iko inshallah ya ndiyo na iko inshallah ya kukutoa mlangoni. Ile sikuitambua.

Nikarekodi kontena moja. Tulipoiachia, kishale cha kipanya kikaenda mbio kwenye skrini, kikabandika namba, kikafika kwenye kisanduku cha lori, kikasimama tuli.

"Imekwama?" mkubwa akauliza.

Baada ya dakika mbili na ushei kikaondoka chenyewe, kikamaliza. Kontena la pili, kikasimama pale pale. Nilichanganyikiwa. Nikazima mashine, nikawasha, nikapuliza vumbi, nikasoma hata Ayatul Kursi kimoyomoyo. Pale pale.

Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke wa Likoni niliyeanza naye kazi mwezi uleule, akaangua kicheko.

"Wewe nawe! Hapo si ndipo alipoingia mzee?"

Kweli. Nilipokuwa narekodi aliingia yule mzee anayetuletea stakabadhi za wafanyabiashara. Nikaacha kipanya, nikasimama, kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wambaje? Nyumbani wote hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillah. Na mama, goti lake?"

"Laendelea vyema, wallahi. Jana amekwenda arusini."

Tukaulizana mpaka tukatosheka. Programu haikusikia hata neno moja. Ilichokiona ni mkono uliotulia, na sasa ilikuwa inatulia vilevile kwa kila kontena.

Ningeweza kunyamaza. Programu mbovu ingeniachia kiti changu. Lakini mkubwa alikuwa ananitazama, nikaogopa nisije nikaonekana mimi ndiye mbovu, nikasema ukweli. Nikafunga mlango, nikarekodi upya bila kuinua uso. Makontena arubaini yakapita mbele ya macho yangu nikiwa nimefumbata mikono, sijui nifurahi au nilie.

"Mashallah," mkubwa akasema. "Wewe bado tunakuhitaji. Kesho keti na mwenzio, umrekodi na yeye."

Chumba chetu ni kimoja, na mkubwa hana sauti ndogo. Nilitaka kumtazama mwenzangu, nikashindwa. Niliona haya, na ndani ya haya ile nilikuwa nimefarijika, jambo ambalo sijampata wa kumwambia. Nikasikia kiti kikiburutwa. Alikuwa anasogea, ananipa nafasi mezani pake.

"Karibu, somo yangu," akaniambia. "Ya nini kungoja kesho?"