Siku Moja ya Mama, na Maneno Ambayo Sikuyafikisha

Kwanza niwataje tuliokuwapo, maana siku hizi kuna watu wanasimulia habari hii kana kwamba walikuwa pale. Alikuwapo mama yangu mzazi, Numbi Véronique, mjane wa Ilunga Sylvestre. Alikuwapo mume wangu, Kaumba Gaston, fundi wa mashine kule kiwandani Shituru, yaani mkwe wa mama. Alikuwapo jirani yetu wa mtaa wa Kikula, Mama Zaina, mke wa dereva, watu wa Maniema. Na mimi Mwadi, mama yake Odile. Basi, wanne. Anayesema alikuwa wa tano anadanganya.

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka vumbi lake. Ilikuwa miaka ya tisini, kazi zilipokufa. Kampuni hailipi, kantini haina hata chumvi, na wanaume wazima wanashinda wamekaa mlangoni wamevaa kofia za kazini. Mama alikuwa ametoka Lubumbashi kwa daktari wa macho, anarudi Kongolo. Daktari alimwambia wazi kwamba macho yanafunga, yote mawili, hakuna dawa. Treni yao ikafia hapa Likasi jioni. Mkuu wa kituo akatangaza kwamba itaondoka kesho saa kumi na moja jioni. Watu wakacheka. Treni ile haikujua saa tangu niolewe.

Ndipo mama akapata siku moja. Siku moja tu, katika mji alioingia akiwa bibi harusi, wakati wa Wabelgiji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, na akatoka akiwa mjane.

Sasa nikueleze desturi, kwa sababu ninyi hamjui kitu. Kwetu mama hasemi na mume wa binti yake uso kwa uso mpaka mkwe alete kuku na kitambaa cha kufungua kinywa. Gaston kila mwaka alisema mwaka ujao, mwaka ujao, mpaka mshahara wenyewe ukafa. Kwa hiyo tangu tuoane hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Maneno yote yalipita kwangu, kama maji kwenye bomba. Na bomba siku ile lilikuwa chafu.

Asubuhi mama alinishika mkono kabla hatujatoka. "Mwadi, umwambie mukwe wangu, minye nataka kuona pale Sabina analala. Vingine vyote hapana."

Sabina ni dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama. Alikufa na miaka miwili, mimi sijazaliwa, akazikwa kwenye makaburi ya zamani ya wafanyakazi, nyuma ya kambi ya Panda.

Nikatoka uani. Gaston alikuwa tayari, amevaa koti lake la Jumapili, viatu vinang'aa. Nikamwambia, "Mama anasema anataka kuona mji. Aanze na kanisa."

Mama Zaina alikuwa amesimama pale mlangoni, maneno ya mama ameyasikia; amekuja kwa sababu, alisema mwenyewe, sinema imefungwa na redio yake haina mawe ya betri. Akanisogelea, kwa sauti ya chini. "He! Mama Odile! Ni ile alisema?"

"Nyamaza, weye."

Kwa nini nilifanya vile? Nitakwambia, ingawa miaka yote hii bado uso unaniwaka. Njaa ya wakati ule ilitufanya tulime kila mahali, kando ya reli, nyuma ya shule, hata kwenye viwanja vya mpira. Misalaba ya chuma kule makaburini ilikuwa imeng'olewa na kuuzwa, hujui tena nani yuko wapi. Na mimi, binti wa Numbi, nilikuwa na matuta yangu ya mihogo mlemle ndani. Gaston aliyajua, kaburi la Sabina hakulijua, sikuwahi kumwambia. Ningempelekaje mama akaone mihogo yangu inaota juu ya mwanawe?

Basi tukatembea. Gaston mbele, hatua kumi. Mama nyuma, kitenge amekishusha mpaka puani. Mimi katikati. Mama Zaina popote alipopenda. Na Gaston, Mungu amrehemu, aliupenda mji huu kuliko meya. Akatuonyesha kanisa. Akatuonyesha nyumba za mabosi zenye baraza pana, hii alikaa daktari, ile alikaa Mzungu aliyekuwa na mbwa wawili. Akatuonyesha posta, madirisha yamepigwa mbao.

"Umwambie asante," mama alisema. "Na Sabina?"

Nikamwambia Gaston, "Anasema asante. Anauliza ile nguzo ya posta ilijengwa lini."

Gaston akafurahi! Akaeleza nguzo. Akaeleza saruji ilitoka wapi, waliobeba ni akina nani, nani alivunjika mguu. Jua linatuchoma, yeye anaeleza nguzo. Halafu akaninong'oneza, "Mama yako anapenda nguzo kweli kweli."

"Anapenda," nikasema.

Mama Zaina akapiga makofi mara moja. "Mama Odile, weye ungekuwa waziri!"

Mchana miguu ya mama ilikuwa imevimba. Akakaa kwenye ngazi za posta, akavua viatu. "Mwadi, mukwe wangu anakatala?"

Hapo, mwanangu, ndipo ningeweza kusimama. Mlango ulikuwa wazi. Lakini uwongo ukishatoka unataka mwenzake. Nikasema, "Anasema njia ya Panda imefungwa na askari."

Mama akavaa viatu vyake. Tangu hapo aliangalia kila alichoonyeshwa kama mtu anayekula chakula ambacho hakukiomba. Bomba la moshi la Shituru, ndiyo. Reli, ndiyo. Bustani iliyokauka, ndiyo, ni nzuri. Na macho yenyewe alikuwa anayahesabia saa.

Saa kumi tukawa kituoni, tukijua tutalala pale. Saa kumi na moja kamili treni ikapiga honi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, siku ile! Watu wakaanza kurusha mizigo madirishani. Mama akapanda, akageuka mlangoni, akaondoa kitenge usoni, akamtazama Gaston machoni. Waliokuwa karibu wakaacha mizigo, maana wote walijua lile si jambo dogo.

"Baba," alisema, "minye na weye hatuyasemezana hata siku moja. Leo nasema. Ile askari ya Panda, haikukuwa na huruma hata kwa mama ya mutoto?"

Gaston akanitazama, akamtazama yeye. "Askari gani, mama? Hakuna muntu alinisemea Panda. Mutoto gani?"

"Sabina. Mutoto wangu. Analala kule."

"Minye sikujua, mama. Ningekubeba mugongoni."

Treni ilikuwa imeanza kusogea. Mama hakunipigia kelele. Alisema tu, "Macho yangu yalibakia na siku moja, Mwadi. Weye umeipa nguzo."

Gaston hakurudi nyumbani nami. Alikwenda moja kwa moja Panda na lile koti la Jumapili, akang'oa mihogo yangu yote, tuta kwa tuta, mpaka akakipata kipande cha saruji ambacho baba alikiandika kwa msumari: SABINA. Kilikuwa pembeni ya tuta la tatu. Misimu miwili nilipalilia pale. Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini hata kuinama nikitazame sikuinama.

Akajaza udongo wa pale kwenye kopo la maziwa. Akatafuta kuku, akatafuta kitambaa. Koti sikuliona tena. Miezi ikapita kabla hajapatikana msafiri wa Kongolo wa kumpelekea mama vitu vile, na wakati huo mama alikuwa haoni kitu. Aliporudi, msafiri alituambia mama alilifungua kopo, akaingiza mkono, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akasema, "Umwambie mukwe wangu, nimeona."

Mukwe wangu. Mimi sikutajwa. Nilisubiri salamu yangu mpaka mama alipofariki.

Kwa hiyo mnanichosha, wajukuu, mnapompokea mgeni wa siku moja na kumzungusha mji mzima, simama hapa tukupige picha, simama pale, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza umekuja kuona nini. Muulize mgeni. Akisema kaburi, mpeleke kaburini, hata kama umelima mihogo juu yake. Aibu yako ataisamehe, siku yake huwezi kumrudishia. Na ukiwekwa katikati ya watu wawili, chukua neno hapa, liweke pale, likiwa zima. Usiliongezee chumvi, usilikate mkia.

Mungu awape macho mpaka uzee, na mtu wa kweli wa kuwapelekea maneno yenu. Kama Mama Zaina bado yuko hai, au yeyote aliyekuwa kituoni jioni ile, na nimekosea jina au tuta, anisahihishe. Nyumba ni ileile ya Kikula, mlango hauna kufuli.