Maziwa ya Mumo

Kila nikipunguza matawi ya mtini wangu mdogo wa chungu, utomvu mweupe hutoka, na harufu yake mbichi hunirudisha nyumbani kwa susu, nyanya yangu.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mumo, mtini mkubwa wa matambiko ya wazee, usioguswa na panga. Sisi watoto tuliruhusiwa kuutoboa kwa mwiba tu, tupate ulimbo wa kunasia ndege. Halafu anko akaokoka, akaja na msumeno wa injini.

“Huu ni mti wa mashetani, mama.”

“Shetani gani? Si hapo ndipo nilikuwa nakulaza nikilima?”

Hakusikia. Kisiki kilitoa maziwa hadi jioni, yakatunata nyayoni. Na hayo mashetani aliyachoma makaa, akapikia chai yake, mtu wa Mungu!

Jumapili iliyopita alinitembelea hapa Mlolongo. Akakizungusha chungu changu, akapapasa majani.

“Kamti kazuri haka! Hebu nikatie tawi, nikapande pale kanisani.”

Mkasi nikautia mfukoni.

“Huo ni mumo, anko. Ulikuwa nao.”