Ulezi Tulioupanda Vumbini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimechuchumaa katikati ya shamba la ulezi huko Machochwe, mtoto mgongoni, nakwangua udongo kwa kidole. Nilipoinua macho, mama mkwe wangu alikuwa amesimama mbele yangu na mtungi wa maji kichwani, ananitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. Nakuomba ukae vizuri, maana umekuja kwangu umenuna, unauliza Mungu yuko wapi mambo yanapoharibika, na mimi jibu langu liko kwenye kidole hicho.

Mimi ni mtoto wa Nkende, upande wa Tarime. Niliolewa ng'ambo ya mto Mara miaka ya hamsini, wakati Waingereza bado wapo na Uhuru hatujausikia. Mume wangu alikuwa Chacha. Mama yake aliitwa Robi, mwanamke mfupi, mweusi, asiye na haraka, mmoja wa wanawake wa kwanza pale kijijini kubatizwa. Baba yake, mzee Marwa, hakuwa amebatizwa wala hakuwa na mpango huo, lakini hakumkataza mkewe kusali.

Nilipata mtoto wangu wa kwanza katika mwaka mbaya. Ugonjwa wa ndigana ulipita kwenye zizi letu ukachukua ng'ombe wote, hata madume ya kulimia. Mvua nayo ikatuangusha, tukavuna makapi. Chacha akaaga, akavuka mpaka kwenda Kericho kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chai, na baada ya hapo hatukusikia habari zake. Tukabaki wazee wawili, mimi, mtoto Mwita, na mbuzi wachache. Huyo Mwita ni huyu mnayemwamkia shikamoo leo na mvi zake. Wakati ule alikuwa mwepesi mpaka nikimbeba nilikuwa nageuka kuhakikisha bado yupo.

Ghalani kulikuwa na kapu moja la ulezi. Ndiyo mbegu, na ndicho chakula chote kilichobaki.

Siku hizi mnakaa mezani na wakwe zenu mnacheka. Sisi Wakurya wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe wake walikuwa wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Sikuweza kumkaribia mzee Marwa wala kusema naye uso kwa uso. Kwa hiyo siku walipobishana juu ya lile kapu, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nimetulia kimya, masikio yote yako nje.

"Robi, ulezi ule usagwe," mzee alisema. "Mtoto anywe uji."

"Ukiisha, tutasaga nini?"

"Basi ngoja mvua inyeshe ndipo upande, kama watu wengine."

"Watu wengine wana ng'ombe wa kulimia. Mimi na huyu mkamwana wako tuna majembe mawili. Tukingoja mvua itatukuta tunalima na itatuacha tunalima. Nataka ikianguka iikute mbegu iko chini tayari."

"Na isipoanguka?"

"Mungu anajua."

"Mungu wako huyo wa misheni."

"Ndiye huyo huyo aliyekupa ng'ombe, baba Chacha. Na mahali walikokwenda anapajua."

Mzee alichukua fimbo yake akatoka. Mimi nyuma ya ukuta nilitaka yeye ndiye ashinde, nakwambia kweli. Nilikuwa na mtoto anayelia njaa, na uji ni kitu ninachokijua. Lakini mkamwana hakuulizwa.

Tukalima. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likigonga linarudi. Robi alinipa kazi ya kuvunja mabonge, yeye akapita nyuma akirusha ulezi kwa mkono wake wa kulia, punje ndogo ndogo unazoziona kidogo tu kisha vumbi linazimeza. Kila mkono ulipofunguka, mimi nilikuwa nahesabu bakuli la uji. Tukaburuta tawi la mgunga kufukia. Jioni Robi akasimama ukingoni mwa shamba, akainua mikono yake iliyokuwa imechubuka, akasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: "Bwana, ulezi huu ni wako. Sisi tumemaliza."

Yeye alimaliza kweli. Alikwenda nyumbani, akala mboga za porini zilizokuwepo, akalala na kukoroma. Mimi sikumaliza. Asubuhi, nilipotumwa kisimani, nilipitia shambani. Nikakwangua mahali kidogo nione kama punje bado zipo. Zilikuwepo, zimekaa vilevile. Moyo ukatulia mpaka adhuhuri, kisha ukaanza tena kunidunda. Kesho yake nikakwangua mahali pengine. Nikafanya hivyo kila siku, mvua haiji, mbingu nyeupe, na mimi naondoka na wasiwasi mwingi zaidi ya niliokuja nao. Tena kulikuwa na kanga wa porini waliokuwa wakitokea upande wa mbuga. Wale ndege si wajinga. Waligundua kwamba palipokwanguliwa na mama Mwita pana kifungua kinywa, wakawa wananifuata nyuma.

Ndipo asubuhi ile Robi akanikuta.

"Unatafuta nini hapo?"

"Naangalia kama mbegu bado zipo, mama."

Akatua mtungi wake chini taratibu. "Siku ile tulimwambia Mungu nini?"

"Kwamba ulezi ni wake."

"Na wewe kila asubuhi unakuja kumkagua. Umekuwa bwana shamba? Hata bwana shamba wa Serikali, pamoja na kofia yake, hatujamwona hapa tangu mwaka jana."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamwambia yote. Kwamba Chacha huenda amekufa huko Kericho. Kwamba maziwa yangu yanakauka. Kwamba tungesaga ule ulezi mtoto angekuwa anakunywa uji sasa hivi, na kama mvua haitakuja, basi sisi wenyewe tumemtupia mtoto wetu chakula vumbini. Sikuwahi kusema na mama mkwe wangu maneno mengi namna ile, na nikaogopa atanirudisha Nkende.

Robi akachuchumaa mbele yangu. Magoti yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo alishika bega langu ili ashuke. "Unafikiri mimi siogopi?" akasema. "Chacha nilimzaa mimi. Naogopa kuliko wewe. Lakini mvua siwezi kuileta, na Kericho siwezi kufika. Hayo mawili ni ya Mungu, na yeye hajaniomba nimsaidie. Mimi ameniachia ghala bovu. Twende ukanisaidie ghala."

Hiyo ndiyo ikawa adhabu yangu. Ghala lilikuwa tupu, fito zimelegea, udongo umebanduka. Robi aliamua likandikwe upya, ndani na nje, tayari kwa mavuno. Sasa ghala hukandikwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na sisi ng'ombe hatukuwa nao. Nikatumwa kwa jirani kwenda kuomba mavi ya ng'ombe. Mwanangu, umewahi kuomba mavi? Wanawake wa ule mji walinijazia kapu, lakini hawakuniacha nipite hivi hivi.

"Mnakandika ghala la kuweka nini?" mmoja akauliza.

"Ulezi," nikasema.

"Ule mliowapandia kanga?"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilirudi na kapu kichwani na aibu tele, nikakandika. Nikakandika siku nzima, na siku iliyofuata, mtoto amelala mgongoni. Na kitu kimoja nilikiona ambacho sikukitarajia: mikono yangu ikiwa ndani ya udongo, moyo ulikuwa unapumzika. Hofu haikwisha, lakini haikuwa tena inanishika shingo. Nilianza hata kuimba nyimbo za Robi, nikikosea maneno.

Mzee Marwa naye alikuwa ananiona kwa mbali. Asubuhi moja akamleta mbuzi jike mwenye maziwa, akamfunga karibu na mlango wangu. Hakunitazama. Akamwambia mbuzi, kwa sauti ya kunifikia: "Wewe, simama hapa kwa adabu. Mwenye mtoto anakuja kukukamua." Tangu siku ile alikuwa akisema nami kwa njia ya mbuzi. Yalikuwa maziwa kidogo, maana majani yalikuwa yamekauka, lakini Mwita alifika jioni kwa hayo, na jioni nyingine tena.

Mvua ilikuja mchana. Nilikuwa ndani ya ghala, nimeinama, namalizia sakafu, na Robi alikuwa ameliinua paa lake kwa mti ili nipate mwanga. Nikasikia upepo wenye harufu ya udongo uliolowa. Kabla sijatoka, tone la kwanza likanipiga mgongoni, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Udongo niliokandika kwa aibu zangu zote ukaanza kuteremka kutani kama uji. Nikapiga kelele kumwita Robi tufunike paa. Yeye alikuwa amesimama uani, mikono wazi, kilemba kimemwanguka, anacheka. "Liache," akasema. "Utakandika tena. Mavi yapo."

Ulezi ukaota, karibu shamba lote kijani. Nasema karibu, kwa sababu ulipoota kila mtu aliona. Hapa palikuwa na kipara, na pale palikuwa na kipara, mistari ya vipara kuanzia njia ya kisimani mpaka katikati. Ni mahali pote nilipokwangua, kanga wakamalizia. Majirani waliokuja kutuamkia walikuwa wanasimama ukingoni wanatazama, kisha wananitazama mimi. Nilitamani ardhi inifunike.

Siku moja nilimwona Robi amefungua pindo la nguo yake, mahali alipokuwa amefunga mbegu chache za maboga. Akapita kipara kwa kipara, anachoma udongo kwa kidole chake, anaweka mbegu, anafukia, anaendelea. Sikuelewa. Nilidhani anaficha aibu yangu.

Ulezi una taratibu zake, mwanangu. Unakuwa mzuri machoni muda mrefu kabla haujaingia tumboni. Na huo ndio muda tulioona njaa kuliko wakati wote, shamba limesimama kijani na jikoni hakuna kitu. Mbuzi yule akakata maziwa. Ndipo maboga yakatambaa. Maboga hayangoji kukomaa ndipo yamlishe mtu, majani yake unachuma yakiwa machanga. Robi alichuma ya kwanza kutoka kwenye kipara kile kile aliponikuta nimechuchumaa, akayapika, akayaponda laini, akampa Mwita kwa kidole. Mtoto akala. Akafungua mdomo tena. Mimi nilitoka nje, nikaegemea ghala, nikalia peke yangu, na safari hii sikuwa na huzuni.

Jioni mzee Marwa alipelekewa sahani yake. Alikula, kisha nikamsikia akimwambia mbuzi: "Mwambie yule mwenye kidole, mwakani aongeze mashimo."

Tulivuna. Ghala lilijaa kiasi cha kutosha, na Chacha akarudi akiwa mzima, na blanketi moja na sufuria, akaniuliza kwa nini kanga wa Machochwe wananifahamu.

Sasa usije ukaondoka hapa ukidhani nimekwambia kwamba ukisali mvua hunyesha. Nisingekudanganya nikiwa na umri huu. Mwaka mwingine tulipanda vumbini vilevile, Robi akasali sala ile ile, na mvua haikuja kabisa. Mbegu ikaliwa na sisimizi. Tuliishi kwa kusaidiwa na ndugu zangu wa Nkende, na tulimzika mzee Marwa mwaka huo huo. Nilimuuliza Robi kama bado anasema Mungu anajua. Alikuwa anapepeta makapi, hakuinua uso. Akasema, "Ulezi ulikuwa wake, mwanangu. Na mimi ni wake." Kisha akaniomba nimsogezee ungo mwingine. Sijapata kusikia mahubiri yaliyonishika kuliko hayo, na nimekaa kanisani miaka mingi.

Kwa hiyo ninalokuusia ni hili. Yaliyo mikononi mwako yafanye kwa nguvu zako zote, ulime, usome, utafute kazi, umtibu mtoto. Ukishafika mwisho wa mkono wako, mwambie Mungu umemaliza, na umalize kweli. Usirudi kila asubuhi kufukua ulichomkabidhi. Dunia hii haikuanza kuendeshwa ulipozaliwa wewe, na mwenye kuiendesha hajachoka. Moyo ukikataa kutulia, nao hukataa, basi tafuta ghala bovu ulikandike, hata kama majirani watacheka. Na ukikuta umekwisha kufukua, kama nilivyofukua mimi, usikae ukajichukia. Mimi nilifukua kwa kukosa imani, na Mungu akamlisha mwanangu kutoka kwenye mashimo yale yale.

Sogea hapa niweke mkono wangu kichwani pako. Mungu aliyemtunza Mwita akutunze na wewe. Akupe mvua kwa wakati wake, na asubuhi ambazo hakuna mvua akupe mtu kama Robi wa kuchuchumaa mbele yako. Nyumba yako isikose mbegu, na watoto wako wafungue mdomo wakute kitu. Haya, nenda salama, na ukipita pale nje umfungue yule mbuzi, amekaa juani muda mrefu.